Ufa Aliousikia Munekage

Mume wangu ana masikio. Sisemi masikio kama yangu na yako, ya kusikia mvua na majirani wakitukanana. Munekage, mhunzi wa panga wa kijiji cha Osafune, husikia chuma kikiwaza. Ndivyo anavyojigamba, na watu wa hapa wamemkubalia kwa muda mrefu mpaka akajiamini kupita kiasi. Mimi ni mkewe, Shizue. Nilimpigia nyundo kubwa tangu tulipooana mpaka mgongo wangu ulipogoma, kwa hiyo ninayo haki ya kusema: masikio yale nusura yamzike mwanangu akiwa hai.

Mwanangu ni Masumi, huyo huyo mmoja tuliyejaliwa. Alipoingia karakanani kwa baba yake kujifunza, wanawake wa mtaa walinicheka. "Shizue, binti yako utamwoza nani? Fuawe?" Nikawaambia afadhali fuawe, angalau hailewi. Wenye waume walevi wakatazama pembeni, na sikuulizwa tena.

Kwetu mhunzi hajitungii jina. Mwanafunzi hufua na kufua, na panga zake hutoka bila kuchongwa chochote kwenye mkia, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Mpaka siku atakapofua upanga wake mwenyewe, kuanzia makaa hadi maji, bila mkono wa mtu, na mwalimu wake akaukagua asione kasoro. Hapo mwalimu humkatia kipande cha jina lake na kumpa. Mume wangu ni Munekage, mwalimu wake alikuwa Munehira, na Masumi, mambo yakienda sawa, angekuwa Munesumi. Bila kipande hicho wewe ni mpiga nyundo tu, hata ukifa mzee.

Na kasoro haitafutwi kwenye makali. Watu wasiojua hudhani upanga ni makali. Hata kisu changu cha kukatia figili kina makali! Upanga hutazamwa mstari wa matiko, ule mweupe unaofuata ukingo kutoka mwanzo mpaka nchani. Kabla ya kutia chuma kwenye maji unakipaka udongo, mzito mgongoni, mwembamba makalini. Palipo pembamba maji yanauma, chuma kinakuwa kigumu. Palipo pazito kinabaki laini. Pale ugumu na ulaini unapokutana ndipo mstari unapokaa, na kila mhunzi ana wake kama mtu alivyo na mwandiko wake. Kovu la ngozi ya chuma tunalisamehe. Kishimo kidogo tunakisamehe. Lakini ufa unaokata mstari wa matiko, hata uwe mwembamba kama unywele wa mtoto, hausameheki. Upanga huo ni maiti, hata ukimetameta vipi.

Siku ya Masumi kutia upanga wake maji, tulifunga mbao za madirisha ili aione vizuri rangi ya moto. Aliniomba nimvutie mvukuto. "Mama, pole pole, usinikaangie," akasema, na mimi nikamwambia nimevuta mvukuto huu kabla yeye hajaota meno. Baba yake aliketi pembeni amekunja mikono. Siku hiyo alikuwa haruhusiwi kusema wala kugusa, na kwa Munekage kutosema ni adhabu kubwa.

Upanga ulifika rangi ya mwezi wa kiangazi unapochomoza. Masumi akauchomoa kwenye makaa, akauzamisha kwenye hori la maji. Maji yakapiga kelele. Na ndani ya kelele ile pakatoka kidogo tu: ti!

Mume wangu alikuwa amesimama kabla mvuke haujafika darini. "Umepasuka," akasema.

Masumi alikuwa bado ameshika mkia kwa koleo, hata hajautoa majini. "Ni udongo, Fundi. Kipande kimebanduka kikagonga hori."

"Udongo ukibanduka husema pu. Chuma kikipasuka ndicho husema ti."

"Basi udongo wangu umesema ti."

"Unanifundisha?"

"Nakujibu."

Nikajua tumekwisha. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa wawili walikuwa wamekaa zizi moja siku zote kwa sababu tu mmoja alikuwa bado ndama.

Upanga ulipelekwa ng'ambo ya mto kwa Mzee Odagiri, mnoaji wetu. Odagiri ni rafiki wa mume wangu tangu utoto. Kwa kukaa ameinamia mawe ya kunolea amepinda mpaka akisimama unadhani bado anatafuta kitu sakafuni. Mnoaji ndiye anayeufunua mstari. Kabla yake upanga ni chuma cheusi tu, na kila mtu anaweza kusema apendalo.

Na mume wangu alisema. Alisema kwenye chai, alisema kwenye bafu, alisema hata usingizini, naapa. Ufa uko shubiri moja kutoka nchani, pale mstari unaposhuka karibu na ukingo. Chuma hapo kilipoa upesi mno. Masumi alikuwa anakula wali wake na supu ya miso, anainuka, anarudi kupasua makaa. Hakubishana tena. Mimi ndiye niliyebishana.

"Umeuona?" nikamuuliza.

"Nimeusikia."

"Mwaka juzi ulisikia panya darini, tukafumua dari nzima, kumbe ni tumbo lako."

"Shizue, hili si jambo la mzaha."

"Na mimi sicheki!"

Niseme wazi, maana wako waliosema mtaani kwamba alimwonea wivu mtoto. Hapana. Ningemjua mwenye wivu, nimelala naye miaka yote hii. Alikuwa anaogopa. Alijua watu wangesema Munekage kampitisha binti yake kwa sababu ni binti yake, na kama siku moja ufa ungejitokeza chini ya jina lake, yeye na mtoto wote wangekuwa kicheko kutoka hapa hadi bahari. Hofu ya mwanamume mwenye fahari ni ngumu kuitibu, kwa sababu hakubali kwamba anaumwa.

Siku ile Odagiri aliuleta, tuliketi chumba kikubwa chini ya taa. Akafungua kitambaa, akauinamia, akampa mume wangu kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nyuma ya bega lake.

Jamani. Nimeona panga nyingi. Nimeona za wahunzi wakubwa waliokufa zamani, zinazowekwa kwenye vioo, nimeona zote za mume wangu. Mstari ule ulikuwa unapanda na kushuka bila haraka, na juu yake ukungu mwembamba, na ndani ya ukungu vichembe vya nuru kama baridi ya asubuhi kwenye majani. Ukiugeuza kwenye taa unakimbia, ukiurudisha unakuja. Shubiri moja kutoka nchani ulishuka karibu kabisa na ukingo, mtu mwingine angeogopa kuupeleka pale, halafu ukajiinua tena, taratibu, kwa madaha. Nilitaka kupiga vigelegele. Nilijiziba mdomo kwa aproni ya jikoni.

Mume wangu aliutazama kwa muda mrefu. Alijua. Yeye mwenyewe hajawahi kufanya mstari kama ule, na alijua.

"Odagiri," akasema, "hapa hukuona kitu?"

"Hapo? Hapo nimepanga nyumba! Nimepatazama kwa jua, kwa taa, kwa mshumaa. Mkwaruzo ukiugeuza upanga hupotea. Ufa hubaki mweusi. Hakuna cheusi hapo, Munekage."

"Tutie mafuta."

Wakaupaka mafuta, wakauacha mpaka asubuhi, kisha Odagiri akaufuta kwa karatasi na unga wa jiwe mpaka ukawa mkavu kabisa. Ufa hunywa mafuta, ukishafutwa huanza kuyatema kidogo kidogo. Tulikaa tukiutazama kama familia inayongoja mgonjwa azinduke. Haukutema kitu. Odagiri akapiga makofi mapajani. "Mzima! Shemeji, pika."

"Nyufa nyingine hujificha," akasema mume wangu.

Odagiri akamgeukia. "We bwana, unataka nini? Upasuke hapa mbele yako ndiyo ufurahi?"

"Nilisikia. Jina langu halikai juu ya ufa."

"Mbishi kama punda," akasema Odagiri, na akaomba sake, pombe yetu ya mchele, ingawa ilikuwa bado asubuhi. Nikampa.

Wahunzi wenzake mume wangu walikuwa wamekwisha kualikwa kwenye sherehe ya kutoa jina. Nilikuwa nimelowesha mchele, nimekata samaki na uyoga na mizizi ya lotasi kwa ajili ya barazushi, wali wa sherehe, sinia zima. Nilimfuata mume wangu hadi karakanani, nikamwambia kama hampi mtoto jina basi wali ule atakula yeye peke yake mpaka umwozee tumboni. Akaniambia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nikamwuliza mkuu ni yupi, na guu litakalovunjika ni la nani.

Ndipo Masumi alipoingia. Alikuwa amesikia yote, kuta zetu za mbao ni nyembamba.

"Fundi," akasema, "nitaupiga maji."

Nyundo ilikuwa mkononi mwa mume wangu. Aliiweka chini polepole.

Hapa sina budi kukueleza, maana hata wengine wa kwetu wamesahau. Zamani, mhunzi akishutumiwa kwamba upanga wake una ufa, aliupeleka mtoni akaupiga bapa juu ya maji kwa nguvu zake zote, upande huu na upande ule. Ukipiga kwa makali, maji yanafunguka. Ukipiga bapa, maji ni jiwe. Upanga wenye ufa, hata ufa usioonekana na jicho lolote, hukatika palepale. Babu yake mume wangu aliwahi kufanya hivyo. Baba yake hakufanya. Yeye Munekage hakuwahi kuthubutu kwa upanga wake hata mmoja, kwa sababu hata upanga mzima, ukishikwa vibaya au chuma kikiwa na hasira, unaweza kuvunjika, na hakuna atakayejua kama ulikuwa mzima au la.

"Hata upanga mzima huvunjika," akasema.

"Najua."

"Na ukivunjika?"

"Utakuwa umesikia vizuri. Nitarudi kwenye nyundo kubwa, na sitakuomba jina tena maisha yangu yote."

"Masumi," nikasema mimi, "mwanangu, usiwe mwendawazimu. Odagiri ameshasema ni mzima."

"Mzee Odagiri amesema. Yeye hajasema." Alikuwa anamtazama baba yake, hanitazami mimi. Mdomo ameukaza vilevile kama yeye. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mimi ndiye niliyelala na nyoka, nimlaumu nani?

Asubuhi ya sherehe tulishuka hadi mto Yoshii sote, wahunzi wageni na majoho yao mazuri, Odagiri na mgongo wake, majirani waliojidai wanapita tu. Askari wa kijiji alikuwapo pia, ila kwa kuwa sheria hukataza upanga kuchomolewa hadharani, aligeuka akawa anatazama bata. Baridi ilikuwa inauma masikio. Masumi alivua viatu, akapandisha suruali, akaingia mpaka magotini. Upanga ulikuwa kwenye mpini wa mbao tupu, mkia bado mweupe, hauna jina la mtu.

Mume wangu alisimama ukingoni kabisa, maji yanamlowesha soksi, hajui. Nilimshika mkono wa joho. Nilikuwa na hasira naye za kutosha kumsukuma mtoni, na bado nilimshika.

Masumi akauinua upanga juu, akaulaza bapa, akaushusha.

Pa! Maji yakaruka juu kuliko kichwa chake. Bata wote wakapaa. Akauinua tena kabla hata hatujavuta pumzi, akaugeuza upande wa pili: pa! Kisha akasimama, maji yanamchuruzika usoni, upanga mbele yake. Ulikuwa mzima, wote, mpaka nchani.

Odagiri akaingia majini na nguo zake, akaupokea, akaufuta kwa karatasi aliyoitoa ndani ya vazi lake kifuani, akauinamia pale shubiri moja kutoka nchani mpaka pua ikakaribia kuugusa. Akaugeuza kwenye jua. Akageuza tena. Alipoinua uso alikuwa analia kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Haukupinda hata kidogo," akasema. "Ninyi watu, njooni muone. Haukupinda hata kidogo!"

Wahunzi wakasogea, majoho yao yakaloa, wakapokezana, na nikasikia mmoja wao, mzee asiyesifu hata mvua wakati wa ukame, akisema hajaona mstari kama huu ukitoka Osafune tangu azaliwe. Nikasimama wima. Nilitaka wale wanawake wa mtaa wawe hapo wote, na waume zao, wenye akili na walevi.

Mume wangu aliupokea wa mwisho. Aliutazama. Kisha akamrudishia Masumi, akarudi nyuma hatua, akapiga magoti juu ya changarawe na kuinama mpaka paji la uso likagusa mawe. Munekage! Mbele ya wahunzi wenzake! Mtu ambaye akikosea njia huilaumu barabara.

"Nilisikia vibaya," akasema akiwa bado chini. "Ulikuwa udongo. Mbele ya hawa wote nakupa Mune. Kuanzia leo wewe ni Munesumi."

Watu wakashusha pumzi. Mimi mawazo yangu yalikwisha kurudi jikoni, kwenye wali. Nikasikia mwanangu akisema:

"Asante, Fundi. Lakini silichukui."

Nilidhani masikio yangu nayo yameharibika.

Masumi alikuwa amepiga magoti naye, maji bado yanamtiririka kwenye nywele, wametazamana. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonishtua, sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Ulikataa jina lako likae juu ya ufa, na ulikuwa na haki," akasema. "Mimi nami sitaki likae juu ya upanga uliotiliwa shaka. Siku zote watu wataangalia hilo jina na kuuliza, alipewa kwa sababu gani? Nitachonga Masumi. Jina mliloniita wewe na Mama. Akitaka mtu kujua limetoka wapi, atazame mstari."

Mzee yule asiyesifu alikohoa. Mwingine akasema haijapata kutokea, mhunzi bila kipande cha mwalimu, ni kama mtu bila ukoo. Mume wangu akainuka. Changarawe ilikuwa imemnata kwenye paji la uso. Akamgeukia yule aliyesema.

"Ana ukoo," akasema. "Ni mimi hapa mbele yako, na soksi zimeniloa. Mimi ndiye niliyemfundisha, na alichofanya leo mimi sikuthubutu. Andika popote upendapo: Munekage amefundisha mhunzi asiyehitaji jina lake. Nani kati yenu amefanya hivyo?"

Na mimi, Shizue, niliyemtukana kwa siku zote zile, nilijisikia nimeolewa upya. Nikasema kwa sauti kwamba wali unapoa, maana nisingesema hivyo ningelia mbele ya wageni, na wageni walikuja kula.

Hawakula kwanza. Masumi hakutaka kusubiri. Tulirudi karakanani, sote tukabanana mlangoni, na akautoa upanga kwenye mpini, akaulaza kwenye gogo la kuchongea. Chuma cha mkia huteleza chini ya patasi, lazima mtu aushike usisogee, na kazi hiyo ni ya mwanafunzi mdogo kuliko wote. Alitazama huku na huku. Kabla hajamwita mtu, baba yake alikuwa amekwisha kupiga magoti upande wa pili wa gogo, ameushika mkia kwa mikono yote miwili, kichwa chini.

Masumi akaweka patasi. Akainua nyundo ndogo, akasita.

"Baba," akasema, "unatikisika."

"Nimeshika vizuri. Piga."

"Unatikisika, Baba. Patasi inahama."

Odagiri akaja, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mume wangu, na mimi nikaweka yangu juu ya ile ya Odagiri. Masumi akapiga.